Ule mstari mweusi si ufa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu kanionyesha kwenye simu picha ya galaksi iitwayo NGC 4565. Nimezoea galaksi za duara zenye mikono iliyojizungusha, lakini hii ni nyembamba kama sindano, na katikati umepita mstari mweusi mwanzo hadi mwisho. Je, imepasuka? Na sisi huku tunaweza kuiona?
Msomaji, Msimbati, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haijapasuka. Chukua ungo, uweke chini, uutazame kwa juu: duara. Sasa unyanyue mpaka usawa wa macho: unaona ukingo tu. NGC 4565 nayo ina mikono yake, ila imetugeuzia ubavu. Galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, zimekaa kila namna angani. Kile kivimbe cha katikati ni nyota kongwe zilizosongamana.

Ule mstari ndio ninaoupenda kuliko vyote. Ni vumbi: chembe za kaboni na za madini jamii ya mchanga, ndogo kama za moshi, zilizotanda kwenye ubapa wa galaksi. Ukiitazama kwa juu, nuru inapenya. Kwa ubavu, nuru inalazimika kupita katikati ya vumbi lote, maelfu ya miaka ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru inasafiri kwa mwaka mmoja), mwisho inazimika. Umewahi kukaa uani mama zetu wakichoma korosho? Jua la machweo nyuma ya moshi ule mzito linageuka jekundu, moshi ukizidi halionekani kabisa. Vumbi la galaksi ndivyo linavyofanya: linaimeza nuru ya buluu kwanza, nyekundu inafuata.

Mwanaastronomia wa Marekani, Heber Curtis, alizichunguza picha za galaksi za namna hii zilizopigwa California. Mwaka 1918 aliandika kwamba galaksi yetu nayo huenda ina mkanda kama huo, na ndiyo maana hatuzioni nyingine upande wa Njia ya Maziwa, ule utepe wa nuru hafifu unaokatiza anga usiku: zimefichwa. Wakati huo wengi walikuwa hawajakubali hata kwamba hizo ni galaksi kamili kama yetu; yeye aliamini hivyo. Alikuwa sahihi kwa yote mawili.

Kuiona inawezekana. Mwezi Mei, saa tatu usiku, inakuwa upande wa kaskazini, juu zaidi ya nusu ya anga. Kwa macho matupu huipati. Tafuta darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 15 au zaidi, na usiku usio na mwezi. Mimi niliitazama Mchinga kwa darubini ya sentimita 20: kijimstari cha ukungu, kama mtu kakwaruza kioo kwa ukucha. Nuru ile ilikuwa safarini kwa kiasi cha miaka milioni 40. Sikubanduka pale mpaka umande ukanilowesha shati.

Lakini usingoje darubini. Julai, saa nne usiku, mwezi usipokuwepo, lala chali mchangani hapo Msimbati. Njia ya Maziwa itapita juu yako, kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi, nayo utaiona imegawanywa na giza. Giza lile si uwazi. Ni vumbi letu wenyewe, nawe unaitazama galaksi yako kwa ubavu, ukiwa ndani yake. Anzia kwenye mkia wa Nge, lile kundi la nyota lenye umbo la nge, ulifuate giza hilo taratibu kuelekea kaskazini-mashariki.