Babu si kipofu, ila kitabu hakishikiki

SWALI: Assalaam alaykum. Babu yangu alikuwa mwalimu wa skuli, na ikishasaliwa alasiri utamkuta barazani na kitabu chake. Sasa kiharusi kimemchukua mkono wa kulia, na wa kushoto unatetemeka. Macho mazima. Nimesikia kuna vitabu vya kusikiliza vya wasioona, lakini akitajiwa tu anakuja juu: "Mimi si kipofu!" Binamu yangu naye anasema kumrekodia kitabu kwenye simu ni kumwibia mwandishi. Tufanyeje? Mjukuu, Wete.

JIBU: Waalaykum salaam, mjukuu. Nisalimie babu, umwambie mimi nisiyeona tangu utotoni niko upande wake. Kipofu ni mimi. Asibandikwe jina lisilo lake. Ila haki ya kusomewa anayo.

Hata Marekani, huduma yao ya taifa ya vitabu vya wasioona ilianza 1931, na mtu kama babu yako hakuwa na nafasi humo mpaka 1966, sheria ilipowaingiza wasioweza kushika kitabu wala kufunua kurasa. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ule wa kimataifa wa kuwafikishia vitabu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, ambao Tanzania imejiunga nao, haukungoja: asiyeona yumo, asiyeweza kusoma maandishi kwa sababu nyengine yumo, na aliyezuiwa na mwili kushika kitabu naye yumo.

Binamu yako ana hoja, lakini ameivuta mbali. Mkataba huo unamzungumzia hata mlezi anayemtengenezea mtu wake nakala ya matumizi yake mwenyewe, mradi kitabu kimepatikana kwa halali. Nunueni au azimeni, msomeeni. Kuirusha sauti hiyo kwenye makundi ya simu, kila mtu ajisikilizie, hilo ni jambo jengine. Na kama mnataka kufanya zaidi ya mambo ya nyumbani, waulizeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwanza, maana Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki.

Lakini kwa nini mnakimbilia sauti? Macho anayo! Mpelekeeni fundi seremala marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, aitazame, awachongee nyengine pana zaidi, yenye ukingo chini wa kuzuia kitabu kisiteleze. Kurasa azisukume kwa penseli yenye raba, upande wa raba. Penseli ikimponyoka, izungushieni kitambaa inenepe. Kitabu kinene kisicholala wazi hakitamfaa. Hapo ndipo sauti iingie.

Kwenye simu, msimwashie ile programu tunayotumia sisi wasioona, inayosoma kila kilichoko kwenye kioo. Inabadilisha namna ya kugusa kioo, kila kitu kinataka kubonyezwa mara mbili, na mkono unaotetemeka utamtoa machozi. Ndani ya mipangilio ya ufikivu tafuteni ile ya kusoma sehemu uliyoichagua tu, muweke na sauti ya Kiswahili. Sauti yenyewe inasoma kama mtu anayewahi boti, basi ipunguzeni kasi. Na kitabu kilichopigwa picha kurasa zake huenda kisisomeke hivi hivi; ikiwa hivyo, picha igeuzwe maandishi kwanza.

Mkirekodi wenyewe, zimeni feni. Nyinyi hamuisikii, msikilizaji anaisikia mwanzo mwisho. Kila sura iwe faili lake, na msomaji ataje ukurasa anapoanza, ili babu akitaka kurudi nyuma ajue arudi wapi. Msimwigizie sauti za wahusika. Mwalimu huyo, atawasahihisha.

Mkipita maktaba, ya Chake Chake au Maktaba Kuu pale Maisara, Unguja, msianze na "mna vitabu vya vipofu?" Ulizeni kama mjukuu anaweza kuazima kwa jina la babu asiyeweza kufika, na kama muda wa kurudisha unaongezwa, kwani kusoma kwa penseli na raba kunachukua muda. Orodha ya vitabu aiandikishe babu mwenyewe. Ukichagua wewe, utamletea vya wagonjwa.