Siku mbili Moshi: anzia Old Moshi

Dada, umeuliza siku mbili za Moshi uzitumieje uone historia, sherehe na chakula. Tafadhali usizimalizie mjini. Panda Old Moshi, Tsudunyi, mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa pale, mwaka 1900. Mtafute mzee wa pale akusimulie, na usimharakishe; mimi niliondoka nikiwa kimya kabisa. Kesho yake nenda Marangu ukaone mapango ya Wachaga, mifereji ya maji, na vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vyenye migomba na kahawa pamoja. Asubuhi kunywa mtori, supu ya ndizi na nyama, wa moto; mchana kula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama. Mbege, pombe ya ndizi, ni tamu zaidi ukikaribishwa nyumbani, ukiinywa kwenye kata ya kibuyu. Sherehe? Njoo Desemba, Wachaga wanaporudi kwao kula Krismasi na mbuzi wanachinjwa. Ila tiketi ya basi kata mapema mno.