Ukitaka kuwaelewa Wamongolia wa Uajemi, anza na makarani

Kila nikigusia Uajemi humu, hakosi mtu wa kuniuliza aanzie wapi kusoma habari za Wamongolia. Wengi wao wameshapita kwa Genghis Khan wakakwama palepale: farasi, pinde, miji inateketea, basi. Ushauri wangu ni mmoja, na nimeujaribu darasani na kwenye kikundi chetu cha kusoma historia. Mpanda farasi mwache kwanza, mfuate karani. Mmongolia aliichukua Uajemi kwa upanga, lakini aliyemkusanyia kodi, aliyemwandikia barua na aliyemtungia historia yake alikuwa Mwajemi.

Anza na barua. Mwaka 1246 Güyük, mjukuu wa Genghis, alimjibu Papa Innocent IV, aliyekuwa amemtuma mtawa Giovanni da Pian del Carpine hadi Mongolia. Barua hiyo bado ipo katika hifadhi ya nyaraka ya Vatican, na picha yake utaipata mtandaoni. Itazame kabla hujafungua kitabu chochote. Maneno ya mwanzo ni Kituruki, barua yenyewe Kiajemi, tarehe imeandikwa Kiarabu, na mhuri ni wa Kimongolia. Hapo Hulagu, mjukuu mwingine wa Genghis aliyekuja kuitawala Uajemi, alikuwa bado hajavuka mto Amu Darya na jeshi lake. Alivuka mwaka 1256. Maana yake kalamu ya Kiajemi ilishafika kwenye hema la Khan kabla ya Wamongolia kusimamisha ufalme wao Uajemi.

Baghdad ya 1258, ilipotekwa na Hulagu, wengi wetu tumeisikia kwenye darsa: Khalifa al-Musta'sim kauawa, Mto Tigris umegeuka mweusi kwa wino wa vitabu. Ukifika hapo usiishie kwenye msiba, uliza vitabu vilivyosalia vilikwenda wapi na nani alivitunza. Mwaka uliofuata, 1259, Hulagu huyohuyo alianza kumjengea mtaalamu wa nyota Nasir al-Din Tusi kituo cha kutazamia nyota huko Maragha, kaskazini-magharibi mwa Uajemi. Tusi naye alikuwa ametoka Alamut, ngome ya Waismailia iliyosalimu amri mwaka 1256. Mmoja wa waliofanya kazi katika maktaba ya Maragha ni Ibn al-Fuwati, ambaye Baghdad ilipoanguka alichukuliwa mateka akiwa bado kijana mdogo. Mfuatilie huyu mtu mmoja na utajifunza mengi kuliko kwenye kurasa za vita.

Ukishafika hapo, msome Ata-Malik Juvayni, Mwajemi aliyeandika historia ya Wamongolia, lakini msome kwa macho mawili. Baba yake aliwatumikia Wamongolia, kaka yake Shams al-Din alikuwa mkuu wa fedha wa dola nzima, na yeye mwenyewe aliitawala Baghdad kwa niaba yao. Anaeleza bila kificho kwamba Alamut aliingia maktaba kwa idhini ya Hulagu, akatoa misahafu, vitabu alivyoviona vya maana na vyombo vya elimu ya nyota, vilivyobaki akavichoma kwa kuwa kwake vilikuwa vya upotofu. Wasomaji wangu Waismailia wa Dar na Nairobi hukasirika wakifika hapo, na wana haki. Kuhusu mji wa Merv, ulioangamizwa na Wamongolia, anaandika kwamba waliouawa walihesabiwa kwa siku 13, mchana na usiku, wakapatikana watu zaidi ya milioni 1.3. Msiitumie hesabu hiyo kama sensa. Inaonyesha jinsi msiba ulivyokaa vichwani mwa watu wa Khorasan, jimbo la mji huo, na kwa kazi hiyo ina thamani kubwa.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Sijaona kinachoamsha darasa kama hiki. Mwaka 1294 Gaykhatu, Ilkhan (ndivyo walivyoitwa watawala wa Kimongolia wa Uajemi), alikuwa amekausha hazina. Alikuwa mtu wa kugawa mali bila kuhesabu, na mifugo ilikuwa imekufa kwa ugonjwa. Waziri wake, Sadr al-Din Zanjani, akaleta wazo la kutoa pesa za karatasi kama zilizotumika China. Akaulizwa Bolad, mjumbe wa Kimongolia aliyetoka kwa Kublai, Khan aliyetawala China, zinafanyaje kazi. Tabriz ikachapisha. Karatasi zenyewe zilikuwa na herufi za Kichina na shahada ya Kiislamu pamoja! Anayezikataa, adhabu yake kifo. Wafanyabiashara hawakubishana na mtu. Walifunga maduka, wengine wakahama, chakula kikakosekana sokoni, na baada ya kama miezi miwili serikali ikazifuta.

Waulize wanafunzi kwa nini China iliwezekana na Tabriz ikashindikana. Wacha wabishane. Mimi nasema ni kwa sababu watu wa China walishazoea karatasi tangu zamani na walijua dola iko nyuma yake, wakati Tabriz kila mtu alijua hazina ni tupu. Kumbukeni pia aliyebeba lawama ni nani: Sadr al-Din aliuawa mwaka 1298, chini ya Ilkhan mwingine na kwa mashtaka mengine. Kwa mawaziri wa Ilkhan hicho kilikuwa kifo cha kawaida. Wote waliuawa isipokuwa mmoja, Taj al-Din Ali Shah, aliyefariki kitandani mwaka 1324.

Kati ya waliouawa yumo mkubwa wao, Rashid al-Din wa Hamadan, tabibu aliyezaliwa Myahudi akasilimu. Ghazan, Ilkhan aliyesilimu mwaka 1295, alimwagiza aandike historia ya Wamongolia, na Öljaitü, ndugu yake aliyemrithi, akamwongezea kazi: historia ya Wachina, Wahindi, Wafaranja (watu wa Ulaya), Mayahudi. Mambo ya ukoo wa Khan alielezwa na Bolad yuleyule. Ninachowasihi msome ni hati yake ya wakfu wa mtaa aliojenga Tabriz, ya mwaka 1309. Aliagiza vitabu vyake vinakiliwe kila mwaka, kwa Kiarabu na kwa Kiajemi, kama mtu aliyehisi hana muda. Mwaka 1318 alishtakiwa kwamba alimpa Öljaitü sumu. Mwanawe Ibrahim aliuawa kwanza, kisha yeye, akiwa mzee wa miaka 70 hivi. Mwanawe mwingine, Ghiyath al-Din, alirudi kwenye uwaziri uleule. Naye akauawa mwaka 1336.

Kuhusu kusilimu kwa Ghazan, msidhani kulimaliza siasa. Mwaka 1299 alikuwa Sham akipigana na Wamamluki, watawala wa Misri na Sham, Waislamu wenzake, na mapema mwaka 1300 Damascus ilikuwa mikononi mwake.

La mwisho: msifunge daftari mwaka 1335, Ilkhan Abu Said alipokufa bila mrithi. Vitabu vingi vya shule huishia hapo, na ndipo panapokuwa patamu. Wajalayir walioshika Baghdad na Tabriz baadaye walikuwa ukoo wa Kimongolia, na Sultan Ahmad wa ukoo huo, aliyeuawa mwaka 1410, aliacha diwani yake ya mashairi ya Kiajemi. Tafuteni picha za kurasa zake, kisha mrudi kwa Genghis mkipenda.