Nyuki ndani ya blanketi

SWALI: Kaka, nimenunua RAT, ile pedali nyeusi ya distosheni yenye vitufe vitatu. Nikiwa peke yangu chumbani, raha tupu. Bendi ikianza, gitaa linavuma kama nyuki waliofunikwa blanketi, na soli haisikiki hata kidogo. Vitufe vyote nimevizungusha kulia hadi mwisho. Nimeuziwa mbovu, au niiuze nitafute nyingine?
Mpiga soli aliyemezwa na bendi

JIBU: Mdogo wangu, usiuze. Pedali ni nzima, blanketi umelitandika wewe mwenyewe.

Tazama kitufe cha katikati, kilichoandikwa Filter. Kwenye pedali nyingi kitufe cha namna hiyo ukikipeleka kulia, gitaa linang'aa. RAT iko kinyume: kadiri unavyokwenda kulia ndivyo inavyokata sauti za juu. Mimi nilikaa miezi sijui hilo, nabadilisha nyuzi na waya bure. Kirudishe kushoto, chini ya nusu.

Kisha Distortion. Ndani ya RAT sauti hukuzwa mno, halafu diodi mbili za silikoni (vipande vidogo vya elektroniki) zinafyeka vilele vya mawimbi kama kisu, yanabaki bapa. Ukiijaza, uzi uguse kwa ukucha au uukwanyue kwa hasira, ukubwa wa sauti ni ule ule. Chumbani huo ni utamu, mlio mrefu usiokwisha. Kwenye bendi kinachokutoa ni ule mpigo wa kwanza wa uzi, "ta!", na huo ndio uliofyekwa. Punguza mpaka mshale uelekee namba 9 ya saa ya ukutani (saa tatu kwa Kiswahili, tusije tukabishana), halafu ongeza Volume.

Hapo ndipo sura zake nyingine zinapotokea. Shusha volyumu ya gitaa lenyewe hadi 5 au 6: mawimbi yanaingia madogo, kisu hakiyafikii sana, unapata ridhimu yenye mchanga kidogo. Rudisha hadi 10, soli inapanda. Ukiiachia Distortion kidogo tu na kuifungua Volume, kazi kubwa ya pedali inakuwa kuisukuma ampu, yaani mashine ya kukuzia sauti ya gitaa. Kama ni ampu ya valvu (zile taa za kioo za kizamani) iliyokwisha kuanza kukwaruza, mimi huipenda hivyo kuliko vyote. Ukitaka mngurumo wa kweli, pandisha Distortion, lakini piga nota mbili tu, ya kwanza na ya tano za skeli. Ukiongeza ile ya tatu ya skeli, inakuwa uji.

Watakwambia utafute RAT za zamani zenye LM308, chipu ya kukuza sauti. Nzuri, ila ngoma zikishaanza sikio langu halizitofautishi. Ukitaka mlio ulio wazi zaidi, Turbo RAT, toleo jingine la pedali hii, ina LED (vitaa vidogo) badala ya diodi za silikoni, nazo hazikati mapema hivyo.

Na pedali ya mwangwi iweke baada ya RAT. Ikitangulia, kila mwangwi nao unafyekwa, nyuki wanarudi.