Sheria mpya za Formula 1 2026: hofu ya betri ina msingi

Ndugu yangu, umeuliza kama sheria za 2026 zitageuza mbio kuwa mashindano ya kubana betri. Hofu yako ina msingi. Mota ya umeme inapanda kutoka kilowati 120 hadi 350, karibu nusu ya nguvu zote za gari, na ule mtambo uliokuwa ukivuna umeme kwenye turbo umeondolewa. Betri sasa itategemea sana umeme unaovunwa dereva anapofunga breki. Chukua Monza, uwanja wa mbio wa Italia: kona chache, breki chache. Dereva anaweza kujikuta anaachia pedali ya mafuta ili kuokoa umeme kabla mnyoosho haujaisha, ilhali mpinzani yuko mbele yake palepale. Hilo linaniuma kweli.

Ila 2014 tulilia hivihivi injini za V6 (za silinda sita, zenye msaada wa umeme) zilipoingia. Kwenye majaribio ya kabla ya msimu huko Jerez, Hispania, timu ya Red Bull walihangaika hata kukamilisha mizunguko michache. Msimu ulipokwisha, dereva wao Ricciardo alikuwa ameshinda mbio 3.

Tena magari yanapungua kilo kama 30 na upana sentimita 10. Kwa Monaco, kwenye barabara nyembamba za mjini, sentimita 10 ni nyingi mno! Mimi nasubiri mbio 4 au 5 ndipo nihukumu.