Jeti haina choo, na kikao kimegawanyika

SWALI

Assalaam alaykum, Bibi. Nauza mahamri na mbaazi za nazi karibu na jeti hapa Lamu, mwaka wa saba sasa. Choo kilichokuwa jirani kilitiwa kufuli, na tangu hapo sisi kina mama tunabisha hodi nyumba za watu. Mtaa umekaa kikao juu ya kiwanja kidogo kilicho wazi ufuoni. Vijana wanataka taa na viti vya kupumzikia jioni. Manahodha wanataka choo. Wazee wa nyumba za nyuma wamekataa choo katakata: kile cha kwanza kilinuka, na wanahofia visima vyao. Nataka kusema kikao kijacho, ila nachelea kuambiwa sina haya. Niseme nini?

Mama wa mahamri, Langoni

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Sema, tena uwe wa mwanzo. Kinachovunja haya ni mwanamke mzima kuhangaika vichochoroni akitafuta mlango wa kubisha.

Nimefanya kazi ya afya ya jamii miaka 26 pwani hii. Wanawake wa biashara walikuja zahanati wakilia mkojo unawachoma, na nilipouliza maji wanakunywa kiasi gani, waliniambia hawanywi mpaka warudi nyumbani, kwa sababu wakinywa hawana pa kwenda. Kukaa na kiu na kubana mkojo kutwa kunafungua njia ya maambukizi, na kwa mjamzito yanaweza kupanda hadi kwenye figo. Lieleze hilo kikaoni kama lilivyo. Wakumbushe pia abiria aliyetoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, kisha boti, mtoto mgongoni. Anashukia hapo hapo penu. Na wakati wa Maulidi, mji ukijaa wageni, je?

Wazee usishindane nao. Kwenye visima wana haki kabisa. Ardhi yetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, uchafu hupenya haraka, na karibu na bahari maji ya chini hayako mbali. Kanuni tuliyofundishwa ni choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu. Ufuoni hilo la pili ni gumu kulipata. Kwa hiyo msiombe shimo. Ombeni tangi lililozibwa pande zote, linalonyonywa likijaa, na likae upande wa bahari ambako boti au mkokoteni utafika, maana vichochoro vyetu ni vya punda. Kabla ya kikao, mwombe mzee mmoja kati ya waliokataa mtembee naye na utepe wa kupimia, mpime kutoka kiwanjani hadi kila kisima. Akizitaja yeye mita hizo mbele ya wenzake, atasikilizwa kuliko mimi na wewe.

Ama harufu, hapo ndipo nataka mkazane. Vyoo vingi nilivyoona vikifungwa vilijengwa vizuri, vikazinduliwa, halafu hakuna aliyepewa kazi ya kuvisafisha. Ulizeni kwanza nani atashika ufunguo, nani atalipwa, maji yatatoka wapi. Choo bila maji kwetu hakifai kitu. Mtu atajitahirisha na nini? Hesabu yake si kubwa. Watu 100 kwa siku, shilingi 10 kila mmoja, ni shilingi 1,000: ndiyo sabuni, maji na kitu cha mkononi cha msafishaji. Unyonyaji wa tangi ni mzigo mwingine, huo udaini kaunti. Watoto na wazee wasilipe.

Vijana nao hawajakosea. Wazee wetu walijenga mabaraza ya mawe nje ya milango ili hata mpita njia akae, na misikiti ikaweka mabirika ya maji. Taa wanayoitaka ndiyo itakayomwezesha mwanamke kuingia chooni baada ya magharibi bila hofu. Kaeni nao mchore kiwanja kimoja chenye vyote.

Msiende kama waombaji. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inaweka usafi wa mazingira miongoni mwa haki za kila mtu, na huduma za maji na majitaka ziko mikononi mwa kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Andikeni, wauzaji na manahodha watie sahihi, na vile vipimo vya visima mviambatishe.

Jambo la mwisho: umesema mtaa umekaa kikao, hukusema saa ngapi. Kama ni baada ya isha, ombeni kisogezwe baada ya alasiri. Usiku kina mama wengi wanalaza watoto, na alasiri mahamri yako yatakuwa yamekwisha.