Uso unaowaka na chunusi juu yake: yaliyonisaidia mimi hapa Lamu

Waalaykum salaam dadangu. Umesema uso unawaka kama uliopakwa pilipili, mashavu yamewiva hadi puani, vipele havikauki kidevuni, na umeshapita kwenye limau na asali, liwa, sabuni ya mwarobaini, mpaka krimu ya kuchanganya uliyouziwa Malindi kwenye kikopo kisicho na jina. Sasa wauliza uongeze nini. Mimi nimeishi na uso wa namna hiyo miaka minne, na jibu langu ni usiongeze kitu. Punguza.

Nianze na hicho kikopo, maana ndicho kinachonitia hofu. Krimu za kuchanganya mara nyingi huwa na steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho), kama betamethasoni au klobetasoli, pengine na haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, na nyingine zimekutwa na zebaki. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, lakini wewe uliyeshika kikopo kisicho na maandishi utajuaje kilichomo? Na steroidi inahadaa. Wiki ya kwanza uso hutulia na kung'aa, na kila unayekutana naye anakuuliza siri yako. Kumbe mishipa midogo ya damu imebanwa tu. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inatanuka, vipele vinazunguka mdomo, na siku usipopaka uso unavimba na kuwaka maradufu. Hapo ndipo mtu anapodhani kikopo ndicho kilichokuwa kikimponya, akakirudia. Mimi nilikirudia mara tatu.

Kwangu mambo yalianza kwenye harusi ya binti ya mama mdogo. Tulisinga wote, bibi harusi na sisi wa nyumbani, singo yenye karafuu na mawaridi na vingine vya kunukia. Mikononi ilinipendeza. Usoni iliniwasha usiku kucha. Karafuu ina kitu kiitwacho yujenoli, na hicho ni miongoni mwa manukato ambayo madaktari wa ngozi huwapima watu wenye mzio. Sisemi tuache singo wala liwa, ni vyetu na nimelelewa navyo. Mpaka leo najipaka liwa mgongoni na mikononi. Uso tu ndio niliouondoa. Lakini siku ile sikujua hayo, nikaona nitulize mwasho kwa krimu niliyoletewa na jirani, na kutoka hapo ikawa miaka.

Mwishowe nilivuka kwa boti hadi Mokowe, nikapanda basi mpaka Mombasa kumwona daktari wa ngozi. Nilikuwa nimeshaambiwa kwingine kwamba ni chunusi za kawaida. Yule daktari hakutazama rangi peke yake. Aliniuliza kama nahisi joto, kama uso unapanda nikinywa chai ya moto, nikila pilipili, nikiinama jikoni, nikitoka juani. Yote ndiyo. Akanieleza kwamba kwenye ngozi ya maji ya kunde kama yangu wekundu haujitokezi wazi, huonekana kama hudhurungi iliyofifia au zambarau, ndiyo maana wengi hatugunduliwi mapema. Aliuita ugonjwa wangu rosasia, ule wa uso kuwaka na kuwa mwekundu, iliyochochewa na steroidi, na chunusi juu yake. Nilishawahi kusikia rosasia ni ya Wazungu. Si kweli. Kwetu haionekani haraka, basi.

Aliniachisha kikopo, akanipa vidonge vya doksisaiklini, aina ya antibiotiki, vya wiki sita, na usoni akaniruhusu vitu viwili tu: kisafishio kisicho na sabuni wala harufu, na krimu nyepesi ya kulainisha isiyo na harufu. Wewe usiache ghafla peke yako kama umepaka miezi mingi. Nenda na kikopo chenyewe kwa daktari akione. Wiki ya pili ndiyo iliyonitesa. Uso uliumuka, ukatoa maji, nikawa silali. Mama alikuwa akilowesha kitambaa cha pamba kwa maji ya mtungi, akanibandika mashavuni, akakaa nami mpaka nisinzie. Sikutoka nje siku tisa. Nakuambia haya ili ikikufika usidhani umeharibikiwa. Wiki ya tano nilianza kuona uso wangu.

Sasa maji, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na ni magumu, sabuni haitoi povu vizuri, inabaki kama utando juu ya ngozi. Na sabuni ya kipande, hata hiyo ya mwarobaini, huwa na pH (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka asidi imezidi) ya 9 hadi 10, ilhali ngozi yako iko kwenye 5 au chini kidogo. Ukiosha mara tatu kwa siku unabomoa ua linaloishikilia ngozi. Mimi nasafisha kwa kisafishio usiku tu. Asubuhi ni maji matupu, na nikiwa na maji ya mvua tuliyokinga, ya mwisho kusuuzia ni hayo. Udhu nao? Nilikuwa na wasiwasi huo, mara tano kwa siku. Udhu haukunidhuru hata kidogo. Kilichonidhuru ni taulo nililokuwa nikijisugulia baada yake. Sasa nagusisha leso kuukuu ya pamba, polepole, kisha napaka krimu uso ukiwa bado na unyevu.

Limau weka kwenye samaki. pH yake ni kama 2, na maji yake yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani yanaweza kuunguza na kuacha madoa ya miezi. Mafuta ya nazi pia uyaondoe usoni, yanaziba vinyweleo. Kama unapaka nywele, jifunge kitambaa usiku, vipele vya paji la uso vitapungua.

Uso ukishatulia mwezi mzima, ndipo ulete dawa, moja tu. Kwangu ilikuwa jeli ya asidi ya azelaiki ya asilimia 15. Naipenda kwa sababu inashughulikia vyote viwili, wekundu na vipele, na inafifisha madoa meusi yanayobaki. Jaribu kwanza chini ya taya siku tatu. Kisha paka usiku mara mbili kwa wiki, juu ya krimu, ukiongeza taratibu. Huchomachoma dakika chache mwanzoni. Usihukumu kabla ya wiki 8 hadi 12, mimi nilikaribia kuitupa wiki ya tano.

Ukishauriwa benzoili peroksaidi, dawa nyingine ya kupaka chunusi, chukua ya asilimia 2.5. Ile ya 10 haiishindi hiyo kwa kuponya chunusi, inashinda kwa kuunguza. Nayo inachujua nguo: shingo ya buibui langu jeusi imebaki na mabaka ya rangi ya kutu.

Jua halina mjadala, hasa kaskazi, ukiwa botini au kwenye mchanga mweupe wa Shela unaorudisha mwanga usoni. Tafuta kinga ya jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi yenye oksidi ya zinki, na ikiwezekana yenye rangi ya hudhurungi. Rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, nayo huzuia ule mwanga wa kawaida unaokoza madoa kwenye ngozi zetu. Tena haikuachi na uso wa majivu. Jikoni, nikikaanga mahamri nasimama upande wa dirisha na kitambaa chenye maji karibu, na chai naiacha ipoe kidogo. Chai sijaiacha, siwezi.

Kabla hujanunua chochote, nijibu hili: una mimba, au unanyonyesha? Maana kuna wanaoshauri adapalini, dawa nyingine ya kupaka chunusi, na hiyo mjamzito haitumii. Wala doksisaiklini. Azelaiki huhesabiwa salama, lakini mwambie daktari wako hata hivyo.